Uzi Mweusi Kwenye Kioo

Theodory alitunza stoo ya chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna gunia la kahawa lililopita mlangoni bila yeye kulichoma bambo, chuma cha kutolea sampuli, kumwaga punje kiganjani na kuzinusa. Alipostaafu alirudi na tabia ile nyumbani kwake Uru, mlimani. Jirani akitaka kununua ng'ombe wa maziwa, pampu ya kupulizia dawa au hata mabati ya banda, alimpitia kwanza. Theodory angeinama, angegonga, angeuliza maswali mawili matatu, kisha angetamka neno moja: "Chukua," au "Acha." Watu waliliamini neno lile. Yeye mwenyewe aliliamini zaidi yao.

Mkewe, Lukresia, alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na nne. Alikizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji msumbufu. Alimeza vidonge, alipunguza ndizi alipokumbuka, na Jumapili alipanda mlima kidogo kwenda parokiani kuimba sauti ya pili, kazi aliyoifanya tangu kabla hawajaoana. Mwezi wa pili, akikata majani ya ng'ombe kihambani, shamba la migomba na kahawa nyuma ya nyumba, alikanyaga kisiki cha mkahawa kikamtoboa unyayo. Kidonda kilikuwa kidogo, ukubwa wa haragwe, lakini hakikufunga. Muuguzi wa zahanati alikuja kukisafisha mara mbili kwa wiki, akamwonya asisimame. Mguu uwe juu ya mto, mchana na usiku, miezi mitatu au zaidi.

Basi Theodory akamtolea kitanda kidogo barazani, na Lukresia akawa analala hapo kuanzia asubuhi, mguu juu, akiangalia migomba. Televisheni ilikuwa sebuleni, na sebule yenyewe ilijaa makochi yasiyoruhusu mtu kunyoosha mguu. Kwaya ilifanya mazoezi Jumatano na Ijumaa bila yeye. Upepo ukivuma vizuri aliisikia kwa mbali, na hilo lilimuumiza kuliko kidonda.

"Baba Beatrice," alimwambia mumewe jioni moja, "nitafutie kideki kidogo, kile chenye kioo chake. Nikiweke hapa tumboni niangalie kwaya. Siku ni ndefu."

"Si uangalie kwenye simu yangu?"

"Simu yako unaondoka nayo. Na watu wake ni kama sisimizi."

Binti yao Beatrice, anayefanya kazi Dodoma, aliposikia habari hiyo kwenye simu alisema amnunulie mama kishikwambi, mambo yaishe. Theodory alikataa. Alisema kishikwambi kinaomba bando asubuhi na jioni kama ndama aombavyo maziwa, na vitu vya kupangusapangusa kwa kidole vingemchosha mama yake. Alitaka kitu chenye vitufe, kinachobebeka, kinachosoma sahani za DVD zilizokuwa kwenye kasha la Lukresia, na memori kadi pia kwa zile nyimbo ambazo Beatrice angetuma. Betri iweze kuvuka saa ambazo umeme umekatika. Na bei isizidi ya beberu mmoja wa wastani.

Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu. Kila alipoteremka Moshi mjini, awe anafuata dawa ya ng'ombe au pensheni, alitenga saa moja ya kuzunguka madukani. Mfukoni mwa koti alibeba sahani moja ya kwaya ya parokia, na kila duka alimwomba mwuzaji aweke wimbo uleule, ubeti uleule, ule ambao Lukresia anaonekana safu ya pili akiwa amevaa joho la zambarau. Alikipeleka kioo kwenye mwanga wa jua aone kama picha inafifia. Alibonyeza vitufe kwa kidole gumba, macho amefumba. Alipima uzito kwa kuilaza deki juu ya kifua chake mwenyewe, akiwa amesimama pale dukani amejiegemeza nyuma, wateja wengine wakitazamana. Jioni alirudi na habari. Ile ya duka la kona ina sauti kubwa ila inakwaruza. Ile ya karibu na stendi inapata moto. Lukresia alisikiliza huku akichambua maharage kwenye ungo, na mara nyingine alicheka hadi mguu ukauma.

Duka alilolikubali mwishoni lilikuwa la msichana mmoja aitwaye Hilda, katika mtaa wa nyuma ya soko kuu. Aliuza redio, tochi za sola, waya za chaji na deki za aina nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nionyeshe hiyo nyeusi. Siyo hiyo, ya nyuma yake."

"Ya safari au ya nyumbani?"

"Ya mgonjwa. Mke wangu ameumia mguu, analala barazani mchana kutwa."

"Pole zake. Hii ni inchi saba, nyepesi. Betri masaa matatu. Ina matundu mawili ya kusikilizia, mkitaka kuangalia wawili bila kelele. Ila maandishi yake ni madogo kidogo. Mama macho yake yakoje?"

"Macho hayana neno. Mguu ndio mbovu."

Akaweka sahani yake, akasikiliza ubeti wake, akaipeleka deki mlangoni kwenye jua. Kisha akasema, "Nachukua."

Wiki ya kwanza ilikuwa njema kuliko siku nyingi zilizotangulia. Baada ya kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa, Theodory alivuta kigoda akakaa kando ya kitanda, na wakaangalia pamoja. Waliangalia sherehe ya jubilei ya parokia, harusi ya mpwa wao, na vichekesho ambavyo Beatrice alivituma kwenye kadi. Lukresia alimwonyesha mumewe mambo ambayo hakuwahi kuyaona, kwa mfano jinsi Kornel, mwalimu wa kwaya, anavyong'ata mdomo kabla sauti ya tatu haijaingia, kwa kuwa kila mara huwa wanachelewa. Theodory alikuwa ameishi na kwaya ile miaka thelathini na kitu na hakujua hilo.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zinanyesha, Lukresia aliposema, "Hiki kioo kina giza."

Theodory akaongeza mwanga hadi mwisho. Akaangalia. Picha ilikuwa safi.

"Sasa je?"

"Sasa afadhali."

Siku mbili baadaye akasema kuna uzi mweusi unapita kwenye picha. Si mmoja, kama utando wa buibui. Unapita, unakaa kidogo, unashuka.

Theodory alikifuta kioo kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kikavu. Akaitazama deki kwa saa nzima bila kuona uzi wowote. Lakini yeye alivijua vitu vya bei ya chini. Alijua kwamba kasoro mbaya kuliko zote ni ile inayojificha fundi akiwepo. Pengine inatokea betri ikishapata moto, alisema, au mtu akiangalia kwa pembeni, kama anavyolala Lukresia. Akalaza kichwa chake kwenye mto wa mkewe, akaangalia kutoka pale. Hakuona kitu.

"Umeona?" Lukresia akauliza.

"Nimeuona," akasema. Hakutaka aonekane ameshindwa kuona kasoro ya kitu alichokichagua mwenyewe. "Kesho nairudisha."

Hilda aliiwasha deki, akaiangalia mbele, akaiangalia pembeni, akaiacha iwake muda wote aliokuwa akiwahudumia wateja wengine wanne. Alisema haoni tatizo. Hata hivyo risiti ilikuwepo na mzee alikuwa mtu mzima wa heshima, hivyo akampa nyingine ya aina ileile, mpya, kwenye boksi lake.

Siku nne, na Lukresia akauona uzi tena. Mara hii alisema kama mtu anayeomba radhi. Picha ilikuwa kama inatazamwa kupitia chandarua, alisema, hasa upande wa kulia.

Theodory akateremka tena. Alikuwa na hasira kidogo, lakini ndani ya hasira hiyo kulikuwa na raha ambayo hakuwa ameipata tangu aondoke stoo. Hapa palikuwa na kosa, na yeye ndiye wa kulifichua. Alimweleza Hilda kwamba aina ile nzima ina kasoro, kioo chake ni dhaifu, akataka ile ya inchi tisa na yuko tayari kuongeza tofauti.

Hilda hakuichukua deki mara moja. Aliangalia kama kuna mtu anayesikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, naomba usinielewe vibaya. Hizi mbili nimeziangalia mwenyewe. Hazina kitu. Huyo mama hana sukari?"

"Kwa nini unauliza sukari?"

"Bibi yangu mzaa mama alianza hivyohivyo. Alisema anaona nyuzi, anaona utando. Sisi tukawa tunafuta miwani. Mpelekeni mama akapimwe macho. Na asichelewe."

Miaka ishirini na sita Theodory alikuwa amesikia maneno ya watu wanaotetea mzigo mbovu. Mmoja angesema mizani yako ndiyo mbovu, mwingine kwamba mvua ya njiani ndiyo imelowesha. Sasa msichana huyu anamwambia macho ya mke wake ndiyo mabovu.

"Binti," akasema, "mimi nimekuja kwa habari ya deki. Mke wangu ana daktari wake."

Hilda akashusha ile ya inchi tisa, akaandika risiti mpya, akampa kwa mikono miwili.

Nyumbani Lukresia alikuwa amejiinua kwenye mito akimsubiri. "Amesemaje?"

"Amekubali kwamba zile zina kasoro," Theodory akajibu. "Hii ndiyo bora."

Habari ya bibi yake Hilda hakuitaja. Baadaye, alipojiuliza kwa nini, alipata majibu mengi. Hakutaka kumtia mgonjwa hofu. Hakuliamini neno la mwenye duka. Kliniki ya mwezi wa tatu na ya nne walikuwa wameziruka kwa sababu ya mguu, na kuitaja hospitali kungefufua ubishi wao wa kwenda au kutokwenda. Majibu hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini chini yake kulikuwa na jingine. Kama msichana yule alikuwa sahihi, basi Theodory alikuwa amekagua kitu kisicho na tatizo kwa wiki nzima.

Deki ya inchi tisa ilikaa wiki mbili, kisha Lukresia akasema uzi umerudi. Mwezi wa sita Theodory akasikia kwamba duka fulani maeneo ya Mawenzi limeleta deki zenye kioo cha aina mpya, kinachoonekana hata juani. Akaenda akanunua, bila kumwambia Beatrice. Ile nyingine akamwachia shemeji yake. Alipoiweka hii ya nne mapajani mwa mkewe, alisimama kando akimtazama usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Lukresia aliitazama muda mrefu. "Hii ni nzuri," akasema. "Hii haina uzi. Asante, Baba Beatrice."

Theodory akafurahi. Aliwasimulia watu wawili watatu kilabuni kwamba kitu kizuri hakipatikani kwa kukubali cha kwanza unachopewa.

Kidonda kilifunga mwishoni mwa mwezi wa saba. Lukresia akaanza kutembea ndani ya nyumba, taratibu, akipitisha mkono ukutani. Theodory alidhani ni mguu uliozoea kulala. Alipomimina chai pembeni ya kikombe alidhani ni mkono uliodhoofika. Jumapili ya kwanza aliyoweza kwenda kanisani, Lukresia alisema kwaya wampe muda kwanza, akaketi benchi la nyuma na kitabu cha nyimbo kikiwa kimefungwa mapajani. Mumewe alidhani ni haya ya mtu aliyepotea muda mrefu.

Beatrice alikuja likizo mwezi wa nane bila kutoa taarifa, maana alitaka kumshtua mama yake. Aliingia uwanjani mchana kweupe, akapita kwenye mibuni, akasimama ngazi ya baraza akitabasamu. Lukresia alikuwa amekaa kwenye kiti, uso ameuelekeza kwake moja kwa moja.

"Karibu," akasema kwa sauti ya kumpokea mgeni. "Baba yupo nyuma, kwenye banda la ng'ombe. Nikuitie?"

Beatrice hakujibu. Theodory alitokea nyuma ya nyumba na ndoo mkononi, akawakuta hivyo, binti amesimama na mkoba wake, machozi yanamtoka, na mama akigeuza kichwa huku na huku akiuliza, "Ni nani? Mbona hasemi?"

Kesho yake asubuhi walikuwa hospitali. Daktari wa macho, mama mmoja mtaratibu, alimwekea Lukresia dawa ya matone, akamchungulia muda mrefu kwa taa yake, kisha akawaita Theodory na Beatrice ndani. Alisema sukari imeharibu mishipa midogo ya nyuma ya macho. Mishipa imevuja damu. Jicho la kulia, ile ngozi ya ndani inayopokea picha imebanduka, na hapo hakuna kikubwa cha kufanya. La kushoto watajaribu kulizuia kwa mionzi lisifuate lile la kulia.

"Alianza kuona nyuzi au utando lini?" akauliza.

Theodory alikuwa na tarehe. Alikuwa nazo zote, zimo kwenye risiti ndani ya pochi yake. "Mwezi wa tano," akasema. "Kama tarehe kumi na mbili hivi."

Daktari akaandika. Beatrice ndiye aliyeuliza lile ambalo baba yake hakutaka liulizwe. "Kama tungemleta wakati ule?"

"Siwezi kuahidi kitu ambacho hakikutokea," daktari akasema. "Lakini mwezi wa tano tungekuwa na macho mawili ya kutibu."

Theodory alikaa siku tatu na neno la Hilda tumboni. Siku ya nne, Beatrice alipokwenda dukani, alivuta kile kigoda akakaa karibu na mkewe akamwambia. Alimweleza yote, jinsi msichana alivyoangalia pembeni kwanza, alivyoshusha sauti, habari ya bibi yake, na jibu alilompa yeye.

Lukresia alikuwa ameliziba jicho la kulia kwa kitambaa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Siku niliyoleta ile ya inchi tisa."

"Mwezi wa tano."

"Ndiyo. Mwishoni."

"Msichana wa dukani hajawahi kuniona," Lukresia akasema, "akanijua. Wewe unalala na mimi kitanda kimoja."

Hakusema naye siku ile wala iliyofuata, zaidi ya "lete" na "acha." Theodory alikamua ng'ombe, alikata majani, alipika mtori wa ndizi akaupeleka barazani, na Lukresia aliula akiwa ameelekeza uso kwa Beatrice. Alilala pembeni kabisa ya kitanda kama mtu aliyekodi nafasi. Theodory hakujitetea. Aliona kwamba hata kuomba msamaha wakati ule kungekuwa kumpa mkewe kazi nyingine, ya kusamehe.

Siku ya tatu, Beatrice akiwa amekwishaondoka kurudi Dodoma, Lukresia alimwita mwenyewe.

"Kaa," akasema. "Usinikatize. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nimesema usinikatize. Ile deki ya pili, nilipouona uzi tena, niligeuza uso nikatazama ukuta. Uzi ukawa kwenye ukuta. Nikatazama sahani ya chakula, upo. Nikajua si kioo."

Theodory alimtazama. "Sasa kwa nini ulisema ni deki?"

Lukresia alikuwa akiviringisha ncha ya kanga kwenye kidole. "Nilikuwa naogopa. Kliniki nilikuwa nimeikwepa, na ndizi nilikuwa nakula, unajua. Nilijua watanigombeza, tena wakiona mguu watasema ukatwe, kama wa jirani yetu Ndelilio. Hilo moja." Akasita. "La pili ni la kijinga. Wewe ulikuwa unarudi kutoka mjini umechangamka. Unanieleza vitufe, unanieleza betri. Unakaa hapo kwenye kigoda. Baba Beatrice, miaka mingi sana hukuwa umenihangaikia namna ile. Nikasema moyoni, nikimwambia ni macho tutaanza mambo ya hospitali na huyu atarudi kwa ng'ombe wake. Ngoja kwanza azunguke. Wiki moja hii, nitamwambia wiki ijayo. Halafu ulipoleta ile ya nne nikaona nimekutesa vya kutosha, nikasema ni nzuri. Nilikuwa sioni hata rangi ya joho langu."

Ng'ombe akalia bandani, na kwa mara ya kwanza Theodory hakuinuka.

"Ningekaa," akasema mwishoni. "Hata bila deki ningekaa."

"Ningejuaje?"

Ilikuwa kweli kwamba kabla ya deki Theodory hakuwahi kukaa pale mchana. Aliushika mkono wake, naye Lukresia hakuuondoa, lakini haukuwa mkono wa mtu ambaye hasira imempoa. Walikaa hivyo hadi jua likafika kwenye ngazi.

Jicho la kushoto lilipigwa mionzi mara tatu. Lilibaki na kiasi. Lukresia anaona mwanga wa mlango, anaona mtu amesimama, na akisogezewa kitu karibu anaweza kusema ni chekundu au cheupe. Hasomi. Alirudi kwenye kwaya, maana nyimbo nyingi amezishika kichwani, na zile mpya Kornel humwimbia mara mbili kabla ya mazoezi. Ile deki ya nne ipo, wanaiwasha jioni kwa ajili ya sauti. Mwanzoni Theodory alijaribu kumsimulia picha. Alisema, "Sasa wanainuka. Sasa Victoria anapiga kayamba." Lukresia alimwomba aache, kwa sababu yale maneno yalikuwa yanafunika wimbo. Basi wakawa wanakaa tu, yeye anatazama na mwenzake anasikiliza, na mara nyingine Theodory hufumba macho ili wawe sawa, lakini hakumwambia.

Mwezi wa kumi na mbili alikwenda dukani kwa Hilda. Alisimama kwenye kizingiti mpaka mteja aliyekuwepo akatoka.

"Shikamoo mzee. Karibu. Ile ya inchi tisa imesumbua?"

"Marahaba. Haikusumbua. Nimekuja kwa jambo lingine." Alivua kofia. "Ulichoniambia kuhusu mke wangu kilikuwa kweli. Jicho moja limekwenda. La pili limebaki kidogo. Nimekuja kukuambia kwamba ulisema kweli na mimi nilikujibu vibaya."

Hilda alikaa kwenye stuli yake. 

"Siku ile ulipoondoka nilitaka kukukimbilia," akasema. "Nilifika hadi pale kwenye duka la vitambaa. Nikasema, huyu ni mzee, amekwishakasirika, ataona nang'ang'ania. Nikarudi. Nimewahi kulikumbuka hilo zaidi ya mara moja."

"Si kosa lako."

"Najua si kosa langu, mzee. Lakini nilirudi." Akainuka. "Naomba unisalimie mama."

Theodory alisema atamsalimia. Hakununua kitu, na Hilda hakumwonyesha kitu.

Alipofika nyumbani alimkuta Lukresia jikoni, anamenya ndizi kwa kupapasa, maganda yakianguka sawasawa ndani ya beseni. Alimweleza alikokwenda na yaliyosemwa, mpaka ile habari ya duka la vitambaa. Lukresia aliacha kumenya.

"Alifika hadi huko?"

"Ndivyo alivyosema."

"Masikini." Kisha akauliza, "Yukoje huyo msichana?"

"Ni mtu mzuri."

"Simaanishi hivyo. Yukoje? Mfupi, mrefu? Mweupe? Ana uso wa namna gani? Nataka nimweke kichwani."

Theodory alifungua mdomo. Alizikumbuka deki za aina nne zilivyopangwa kwenye rafu, kutoka kushoto kwenda kulia. Alikumbuka ile nyekundu yenye antena, na tochi za sola zilizoning'inia kwa kamba, na hata ufa mdogo kwenye kioo cha meza ya mauzo. Alikuwa amesimama mbele ya Hilda siku nne tofauti, na siku hii ya mwisho alikuwa ameongea naye uso kwa uso. Alitafuta uso ule na hakuuona.

"Sijui," akasema. "Sikumwangalia."

Lukresia aliokota ndizi nyingine, akatafuta ncha yake kwa kidole. "Basi ukienda tena," akasema, "mwangalie."